Kamukunji haijawahi kuwa kiti cha kabila moja

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu dhana inayorudiwa na wachambuzi wa siasa za Nairobi kila uchaguzi unapokaribia, kwamba eneo bunge la Kamukunji ni mali ya jamii fulani, na kwamba anayekitaka kiti hicho hana kazi ila kuhesabu vichwa vya watu wake Eastleigh, kutoa vichwa vya wapinzani wake Gikomba na Shauri Moyo, kisha kungoja kuapishwa. Hesabu hiyo inapendeza kwa wepesi wake. Lakini sisi wa Majengo, mtaa wa Pumwani, tumeona kiti hiki kikishikwa na Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba, mtu wa Embu na Msomali, tena ndani ya eneo ambalo sensa ya 2019 ililipima kuwa kilomita mraba kumi na nusu hivi, ambalo mtu mwenye miguu mizima analivuka kabla chai ya asubuhi haijashuka. Nitakalo kusema ni kwamba kilichoamua siasa za hapa tangu enzi ya mkoloni ni nani ameruhusiwa kuingia katika daftari la wapigakura na mpaka umepita wapi. Kabila limekuwa likija nyuma ya hayo mawili.

Inafaa kuanza na mwaka wa 1957. Machi mwaka huo Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, na Nairobi nzima ikapewa kiti kimoja. Haikuwa kura ya kila mtu. Mpigakura alitakiwa kutimiza masharti ya elimu, mali, kipato au utumishi, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu peke yake huku jirani yake asipate hata moja. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kuliwekwa kizingiti cha ziada, nacho ni cheti cha kuthibitisha kuwa mwenyewe alikuwa upande wa serikali wakati wa vita vya Mau Mau. Ikumbukwe kuwa ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu Operesheni Anvil ya Aprili 1954, wanajeshi na polisi walipoizingira mitaa ya Waafrika, wakawachuja wakazi mmoja mmoja, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa kambi za kizuizini. Waliokwepa kizuizi waliona heri wakae kimya kuliko kwenda ofisini kuomba cheti cha uaminifu.

Kwa hiyo jamii yenye watu wengi zaidi jijini ilikuwa karibu haimo daftarini. Katika hali hiyo Tom Mboya, kijana wa miaka 26 aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alimshinda wakili Argwings-Kodhek kwa kura 2,138 dhidi ya 1,746. Wote wawili walikuwa Wajaluo. Mchambuzi wa leo anayedai kuwa kura za Nairobi zimekuwa za kikabila tangu hapo angelieleza vipi kinyang'anyiro hicho? Kilichowatenganisha wawili hao kilikuwa mtandao wa Mboya miongoni mwa wafanyakazi, nao ulikuwa na mizizi katika mitaa hii hii ya Mashariki ya mji, ambako reli, halmashauri na viwanda vilikuwa vimewalaza vibarua wao.

Mitaa yenyewe ina historia yake, na msomaji asiyeijua hataielewa siasa yake. Pumwani ilitengwa na serikali ya kikoloni miaka michache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iwe makazi rasmi ya Waafrika. Tofauti na mitaa iliyojengwa na waajiri, hapa mtu alipewa kiwanja akajijengea nyumba yake, nyumba za udongo zenye ukumbi katikati na vyumba vya wapangaji kulia na kushoto. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa Waislamu waliotoka pwani, Tanganyika, Uganda na pembe nyingine za Kenya, pamoja na wanawake waliojipatia mali kwa jasho lao, na lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Kijiji cha Pangani, ambacho nacho kilikuwa cha namna hiyo, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliovunjiwa nyumba zao wakajengewa Shauri Moyo. Eastleigh ilikuwa habari nyingine: mji uliopimwa viwanja vilivyonyooka, ambavyo vingi vilinunuliwa na Wahindi, na Wasomali wakiwamo tangu zamani hizo, si tangu juzi kama wengi wanavyodhani. Hawa wote waliishia kuwa wapigakura wa mbunge mmoja.

Mtihani halisi wa dhana ya kabila ulikuja Februari 1961. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa mwaka uliotangulia, masharti ya kupiga kura yamelegezwa, na Wakikuyu wamerudi katika daftari wakiwa kundi kubwa zaidi. Mboya alisimama katika kiti cha Nairobi Mashariki akipambana na Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu, daktari aliyeheshimika, aliyekuwa na baraka za baadhi ya vigogo wa KANU, chama ambacho Mboya mwenyewe alikuwa katibu mkuu wake. Kwa hesabu ya vichwa, Mboya alikuwa amekwisha. Matokeo yalikuwa kura 31,407 kwa Mboya na 2,668 kwa Dkt. Waiyaki, yaani karibu mara kumi na mbili. Sijui uchaguzi mwingine Nairobi uliotoa jawabu lililo wazi kiasi hicho. Dkt. Waiyaki, kwa kumtendea haki, hakupotea: aliingia bungeni mwaka wa 1963 kupitia kiti cha jirani na baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Mboya naye akachaguliwa mwaka huo wa 1963 katika Nairobi ya Kati, kiti ambacho baadaye kilikuja kuitwa Kamukunji, akakishika hadi alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 katika barabara iitwayo sasa Moi Avenue.

Hapo ndipo hadithi inapobadilika, na ni lazima niseme kwamba kifo chake kiliipa siasa ya ukabila mwanya ambao hakuna kampeni ingeliweza kuupa. Hata hivyo wanaotaja 1969 kama mwaka ambao kiti "kilirudi" kwa jamii nyingine huwa hawataji mpaka. Katika miaka ya mwisho ya sitini nchi ilikatwa upya kuwa maeneo bunge 158, na Nairobi ikapewa manane. Likawa eneo bunge jipya kwa jina na kwa umbo, na aliyelichukua mwaka wa 1969 ni Maina Wanjigi, aliyekuwa mkurugenzi wa mpango wa kuwagawia Waafrika mashamba ya walowezi. Kisha ikaja ajabu nyingine ambayo wachambuzi hawaigusi. Viti vya bunge nchini vilipoongezwa kuwa 188 mwaka wa 1988, Nairobi ilibaki na vinane. Vilipoongezwa tena kuwa 210 mwaka wa 1997, Nairobi ikabaki na vinane vilevile. Kwa zaidi ya miaka arubaini jiji lilikuwa likifura huku uwakilishi wake umegandishwa, kwa sababu serikali ilijua wapigakura wa jiji hawatabiriki. Mkazi wa Majengo alikuwa na sehemu ndogo ya mbunge kuliko mkazi wa wilaya ambayo chama tawala kilikuwa na hakika nayo.

Wanjigi alikaa muda mrefu, akikipoteza kiti kwa kipindi kimoja tu mwaka wa 1979 na kukirejea 1983. Simhesabu miongoni mwa wapinzani, kwani alikuwa mtu wa serikali, waziri, mwenye mali. Ni katika enzi yake ambapo Rais Moi alikuja mwaka wa 1985 kuwatembelea mafundi wa jua kali waliokuwa wakifua masanduku, karai na majiko chini ya jua, akawaahidi mabanda. Mabanda yalijengwa, na mpaka leo ukipita pale huwezi kusikizana na mwenzako kwa mlio wa nyundo juu ya mabati. Baadhi ya waliopiga kura pale bado huitaja ziara ile kama kwamba ilikuwa wiki iliyopita, jambo linaloonyesha ni mara ngapi serikali imetimiza ahadi kwao baada ya hapo.

Lakini Wanjigi huyohuyo ndiye aliyetupa mfano wa nini mbunge wa mjini anaweza kufanya, na gharama yake. Mei 1990 askari wa jiji waliingia Muoroto, kijiji cha vibanda karibu na kituo cha mabasi ya kwenda mashambani, wakakibomoa na wakazi wakapambana nao. Ikumbukwe kuwa Nairobi wakati huo haikuwa na madiwani. Baraza la jiji lilivunjwa mwaka wa 1983, na kwa karibu miaka kumi mji uliendeshwa na tume iliyoteuliwa na serikali, kwa hiyo mtu wa Muoroto hakuwa na diwani wa kumlilia. Aliyebaki ni mbunge. Wanjigi, akiwa Waziri wa Kilimo, alilalamika hadharani kuhusu ukatili ule, na muda si mrefu akapoteza uwaziri. Miaka miwili kabla ya hapo, katika kiti jirani cha Starehe, Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, alikuwa amebwagwa katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ule ambao watu walipanga foleni nyuma ya picha ya mwaniaji wao na kuhesabiwa mchana kweupe, na bado ikawezekana foleni fupi kutangazwa ndiyo ndefu. Daftari lilikuwa wazi kwa kila mtu mwaka huo, mradi awe na kadi ya chama. Aliyeufunga mlango safari hii alikuwa msimamizi wa kuhesabu.

Uwanja wa Kamukunji wenyewe hauhitaji maelezo marefu kwa wasomaji wako. Julai 1990 Rubia na Kenneth Matiba waliitisha mkutano pale kudai vyama vingi, wakatiwa kizuizini siku tatu kabla, na tarehe saba watu wakaja bila viongozi. Fujo zikaendelea kwa siku kadhaa na watu wasiopungua 20 wakafa. Novemba 1991 mkutano wa FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, ulizimwa kwa marungu na mabomu ya machozi, mwezi uliofuata kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaondolewa, na tarehe 18 Januari 1992 uwanja ule ukafurika watu kwa malaki katika mkutano halali wa kwanza wa FORD. Ninachotaka kuongeza ni jambo dogo ambalo hupotea katika kumbukumbu hizo kubwa. Wengi wa waliokuja uwanjani hawakuwa wapigakura wa Kamukunji. Walitoka Dandora, Kawangware, Kiambu, Murang'a, Machakos. Uwanja ulikuwa wa taifa zima, na sisi tulioishi ubavuni mwake tulibaki na moshi, maduka yaliyovunjwa na polisi waliopita nyumba kwa nyumba. Mtu asichanganye historia ya uwanja na historia ya eneo bunge.

Hata hivyo uwanja ulitoa mbunge. Katika wale sita waliotajwa kuwa waasisi wa FORD alikuwamo George Nthenge, Mkamba aliyewahi kuwa mbunge wa Ukambani. FORD ilipogawanyika, alifuata upande wa Matiba, na Desemba 1992 akachaguliwa mbunge wa Kamukunji kwa tiketi ya FORD-Asili. Chama hicho kilizoa viti sita kati ya vinane vya Nairobi. Niambie, Mhariri, ni hesabu gani ya vichwa iliyompa Mkamba kiti hiki mwaka ambao wengi wa wapigakura wake walikuwa wakimchagua Mkikuyu wa Murang'a kuwa rais? Walichagua chama na walichagua kumbukumbu ya 1991. Nthenge hakudumu. Mwaka wa 1997 alikuja Norman Nyagah wa chama cha DP, wa familia mashuhuri ya Embu, akarudi tena 2002 katika wimbi la muungano wa NARC na kufanywa Kiranja Mkuu wa Serikali bungeni. Kuhusu miaka yake kumi sina mengi ya kusema, kwani ulikuwa wakati ambao Eastleigh ilikuwa ikikua mbio kuliko siasa yake.

Kukua huko kulianzia kwingine kabisa. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, wakimbizi wakaingia, na vyumba vya nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge vikageuzwa maduka. Majengo ya biashara yakafuatana, moja likizaa jingine, hadi Eastleigh ikawa inauza nguo kwa wafanyabiashara wa Kampala, Arusha na Lubumbashi. Wasomali Wakenya, ambao tayari walikuwa wakazi wa hapa tangu enzi za babu zao, wakajikuta wanahesabiwa pamoja na wageni. Na hapa tunarudi kwenye daftari. Novemba 1989, kabla hata ya serikali ya Somalia kuanguka, serikali ilikuwa imeanzisha zoezi la kuwachuja Wasomali wote nchini na kuwapa kadi maalumu za kuthibitisha kuwa ni Wakenya. Kijana wa Kisomali aliyezaliwa Eastleigh Section Two alianza kutakiwa stakabadhi ambazo mwenzake aliyezaliwa nyumba ya pili hakutakiwa, na bila kitambulisho hakuna kadi ya kura. Huku Majengo, hata vijana wenye majina ya Kiislamu ambao si Wasomali wameambiwa walete kitambulisho cha babu. Agizo la kukomesha uchujaji huo lilitoka mwaka wa 2025 tu. Cheti cha uaminifu cha 1957 na kadi ya 1989 ni ndugu wa baba mmoja, ijapokuwa kimoja kilitolewa na gavana na nyingine na serikali huru.

Uchaguzi wa 2007 uliliumiza eneo letu kwa namna nyingine. Simon Mbugua wa chama cha PNU alikipata kiti, matokeo yakapingwa mahakamani, na mwishowe Mahakama Kuu ikayafuta, lakini ilichukua hadi Agosti 2011 kwa uchaguzi mdogo kufanyika. Kati ya viti vinane vya Nairobi, vitatu vya uchaguzi ule, Starehe, Makadara na Kamukunji, vilibatilishwa na mahakama. Kwa zaidi ya miaka mitatu tuliwakilishwa na ushindi wenye alama ya kuuliza. Katiba ya 2010 sasa inaitaka Mahakama Kuu imalize kesi kama hizo katika muda wa miezi sita, na nadiriki kusema kuwa masaibu ya Nairobi yalichangia kuonyesha haja ya kikomo hicho.

Aliyeshinda uchaguzi huo mdogo ni Yusuf Hassan, mwandishi wa habari wa zamani na afisa wa Umoja wa Mataifa. Huu ndio ushindi unaotajwa na wachambuzi kama uthibitisho wa hesabu yao: Wasomali wameongezeka, basi Msomali ameshinda. Wanasahau kwamba tiketi yake ilikuwa ya PNU, chama kilekile kilichokuwa kimempa Mbugua kiti, na kwamba upande wa pili palikuwa na wagombea Wasomali pia, kura za jamii hiyo zikagawanyika. Aliwahitaji wapigakura wa Gikomba, Shauri Moyo na mtaa wa California, akawapata kupitia chama. Alifanya hivyo tena 2013 kwa tiketi ya TNA, akiwa bado anauguza majeraha ya bomu lililolipuliwa Eastleigh tarehe 7 Desemba 2012 alipokuwa akitoka msikitini, na tena 2017 na 2022 kwa tiketi ya Jubilee. Tazama ramani ya kisiasa ya miaka hiyo: vyama hivyo vilipata nguvu zake kwa Wakikuyu. Msomali wa Eastleigh na Mkikuyu wa Gikomba wamekuwa wakimchagua mtu mmoja kwa mihula minne mfululizo, na bado tunaambiwa kuwa hawa wawili wanagombania kiti. Hata msako wa Aprili 2014, ambapo maelfu ya wakazi wa Eastleigh walikamatwa na kurundikwa katika uwanja wa Kasarani na serikali ya chama walichokipigia kura, haukuuvunja muungano huo. Mimi binafsi ningelielewa kama ungeuvunja.

Simsifu wala simlaumu mbunge wa sasa kwa barua hii. Malalamiko yangu yapo, na kubwa zaidi ni kwamba katika siasa hizi zote Pumwani yenyewe imekuwa ngazi ya wengine kupandia. Wenye nyumba za Majengo, wajukuu wa wale waliopewa viwanja na mkoloni, wengi hawana hatimiliki hadi leo. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi kiasi kwamba moto umekuwa kama msimu, na ule wa Juni 2018 uliua watu 15. Kila baada ya moto wanasiasa huja na ahadi ya uchunguzi. Sababu ya uzembe huo iko wazi kwangu. Maelfu ya watu wanaouza na kununua Gikomba hulala Kayole, Umoja au Githurai, na wengi wa wapangaji wetu wa Majengo, hata baada ya miaka ishirini hapa, hujiandikisha kupiga kura mashambani. Mchana Kamukunji ina watu kuliko inavyoweza kubeba, ilhali siku ya kura ni wachache wenye sauti. Mwanasiasa huwasikiliza walio daftarini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Mwaka wa 2012 maeneo bunge yalipoongezwa kuwa 290, Nairobi ilitoka viti vinane hadi 17. Embakasi ilikatwa vipande vitano, Kasarani, Lang'ata, Dagoretti na Starehe nazo zikakatwa. Kamukunji haikuguswa. Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka minane hadi 12, kwa hiyo zoezi lilipaswa kukamilika kufikia Machi 2024, lakini wakati huo tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, haikuwa na hata kamishna mmoja. Makamishna wapya walioapishwa Julai 2025 wamekuta deni hilo mezani, na kila dalili inaonyesha kuwa tutapiga kura 2027 kwa mipaka ileile. Baadaye, lakini, kalamu itashikwa.

Tazama takwimu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Ukigawanya kwa viti 290 unapata wastani wa watu 164,000 hivi kwa kila kiti. Kifungu cha 89 cha katiba kinaruhusu maeneo ya majiji kuzidi au kupungua wastani huo kwa asilimia 40, yaani kiwango cha juu ni kama watu 229,600. Kaunti ndogo ya Kamukunji ilikuwa na watu 268,276. Imezidi kwa karibu 39,000. Na kwa kuwa idadi ya viti imefungwa kwenye 290, huwezi kuipa Kamukunji kiti cha pili bila kumnyang'anya mwingine, tena vita vya namna hiyo vitapiganwa na maeneo yenye wabunge wengi na kelele nyingi. Njia nyepesi kwa tume itakuwa kumega kipande na kumpa jirani. Makadara ilikuwa na watu 189,536 na Starehe 210,423, kwa hiyo nafasi ipo, hasa Makadara.

Kipande gani? Yeyote anayeijua ramani anajua kuwa upande wetu unaopakana na majirani hao ni huu wa Shauri Moyo, Gikomba na Majengo. Itakuwa rahisi mno kwa mchoraji aliye ofisini kuikata wadi ya Pumwani, kuipeleka Makadara au Starehe, na kuacha Eastleigh, California na Airbase peke yao. Siku hiyo dhana ninayoipinga itakuwa kweli, kwa sababu mkasi utakuwa umeifanya kuwa kweli. Kamukunji itabaki kiti cha biashara za Eastleigh, mbunge wake hatakuwa na haja ya kuja Majengo kuomba kura, na Pumwani itakuwa mkia wa eneo bunge la watu wengine. Isisahaulike pia kwamba sensa huhesabu wakazi, si wapigakura. Wamo Eastleigh wakimbizi na wageni ambao wanaingia katika hesabu ya kuamua ukubwa wa kiti bila kuwa na kura, kwa hiyo ukiiondoa Pumwani utakuwa umeondoa wapigakura wengi kuliko idadi ya watu inavyoonyesha.

Katiba hiyohiyo inaitaka tume izingatie maslahi ya pamoja ya jamii na uhusiano wao wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Kitambaa kinachoshushwa Eastleigh hushonwa na fundi wa Gikomba, na sanduku la bati linalofuliwa kando ya uwanja wa Kamukunji hununuliwa na mwanafunzi wa California anayekwenda bweni. Kama ni lazima kupunguza watu, wapunguzwe kutoka pande zote mbili, mitaa michache ya pembeni kusini na michache kaskazini, na kitovu cha Pumwani na Eastleigh kibaki chini ya mbunge mmoja anayelazimika kuomba kura kwa wote.

Ombi langu kwa tume ni kwamba itakapoanza vikao vya mipaka ifanye kimoja Pumwani na kingine Eastleigh, si hoteli za katikati ya jiji, viendeshwe kwa Kiswahili, na rasimu ya ramani ibandikwe kwa chifu, misikitini, makanisani na malangoni mwa soko la Gikomba muda wa kutosha kabla ya kikao. Na ombi langu kwa wapangaji wenzangu wa Majengo wanaosafiri mashambani kila mwaka wa uchaguzi ni wahamishe kadi zao kabla daftari halijafungwa.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Majengo, Pumwani,
Nairobi